Vena za miguu zipimwe mgonjwa akiwa wima

Mhariri,

Mwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizovimba miguuni huonyesha fundo lililotuna kwenye shavu la mguu, akaomba likatwe. Mara nyingi fundo hilo ni matokeo tu. Chanzo kiko juu, kinenani, pale vena ya safena inayopanda upande wa ndani wa mguu inapoungana na vena kuu ya paja. Vali ya hapo, yaani kilango kinachozuia damu kurudi, ikilegea, damu hurudi chini kila unaposimama, na vena za chini hufutuka. Ukikata fundo na kuuacha mlango wa juu wazi, mengine yatachomoza kando yake.

Kwa hivyo, kabla ya kisu, mgonjwa adai altrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu, naye apimwe akiwa amesimama, uzito ameutupia mguu wa pili. Mpimaji huminya shavu la mguu, huachilia, kisha hutazama damu inarudi nyuma kwa muda gani. Ikizidi nusu sekunde ndani ya safena, vali imeshindwa. Aliyepimwa amelala chali huweza kuambiwa hana tatizo, kumbe analo. Kipimo hichohicho hukagua vena za ndani, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya damu ya mguu. Ndiyo maana safena huondolewa na mguu usidhurike, ingawa wengi huhofia utakosa damu. Lakini vena za ndani zikiwa zimezibwa na damu iliyoganda, huenda hizi za karibu na ngozi ndizo njia iliyosalia, na kuziondoa ni kumwongezea mtu maradhi. Kliniki inayokutajia bei ya upasuaji kabla ya kukusimamisha upimwe, iache.

Katika upasuaji wa zamani, daktari hupasua sentimita 3 hadi 5 kinenani, hufunga safena palepale inapoungana, hupitisha waya ndani yake na kuivuta nje hadi chini kidogo ya goti. Akivuta mpaka kifundoni, neva inayoambatana na vena huko chini huweza kujeruhiwa, na ngozi ya upande wa ndani ikabaki na ganzi. Mafundo hutolewa kwa ndoano kupitia vitundu vya milimita 2 au 3. Yachorwe kwa kalamu mapema, mgonjwa akiwa wima, maana akishalala mezani hayaonekani tena.

Siku hizi vena huchomwa kwa joto kutoka ndani, kwa leza au mawimbi ya redio. Ncha ya katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya vena, husimamishwa kama sentimita 2 kabla ya maungano. Ikisogea zaidi, damu huweza kuganda hadi ndani ya vena kuu. Kuizunguka vena hudungwa maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi, ambayo pia huibana ishike joto na kuikinga ngozi isiungue. Kwa mawimbi ya redio, kila kipande hupashwa hadi nyuzi 120 kwa sekunde 20. Mgonjwa hutembea siku ileile. Tangu 2013, mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, umeweka njia ya joto mbele, kisha sindano ya dawa ya povu inayoziba vena, na kisu mwisho. Hata hivyo kisu hakijapitwa na wakati: vena iliyojipinda sana haipitishi katheta.

Baada ya matibabu, soksi za kubana ndizo zinazowashinda wengi kwa joto la Mombasa. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na ukingo wa juu usikunjwe, kwani hugeuka kamba. Mwenye kisukari, kabla ya kuzivaa, apimwe kwanza ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni. Basi la Nairobi lisubiri wiki chache, maana kuketi muda mrefu huweza kugandisha damu mguuni. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, ni hospitali mara moja.

Hijama isipigwe juu ya vena hizi, wala zisichanjwe. Ngozi iliyo juu yake huwa nyembamba, na ikipasuka damu huruka. Likitokea hilo, mtu alazwe chini, mguu uinuliwe juu kuliko kifua, na pale panapovuja pakandamizwe kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Asiketishwe kitini, wala paja lisifungwe kamba: kamba huzuia damu kupanda, na jeraha huzidi kuvuja.

Wauguzi wa upasuaji,
Mombasa