Ruta yako inadhani leo ni mwaka gani?

Kiwanda cha mikate hakilali. Mteja wetu mmoja hapa Dar es Salaam hupakia magari kuanzia saa nane usiku ili mkate uwahi madukani kabla watu hawajaamka. Saa nane hiyohiyo ndipo mtandao wake ulipokuwa ukikwama: tawi la pili haliioni seva, hati za mizigo hazichapiki, madereva wamejaa getini. Baada ya muda mambo yanarudi yenyewe, na fundi akifika asubuhi anakuta kila taa ni ya kijani.

Kabla ya kutuita alikuwa ameshabadilishiwa nyaya, kisha swichi nzima, kile kifaa kinachounganisha nyaya za ofisi. Hatumlaumu fundi aliyetangulia. Mgonjwa anayepona kila daktari akiingia ni mgonjwa mgumu. Sisi tulianza kwa kusoma logi, yaani kumbukumbu ambazo kila kifaa hujiandikia: poti (tundu la waya) imezimika, poti imewaka, fulani ameingia, njia imekatika. Tukacheka. Ruta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, iliamini ni Januari 1970. Swichi, mpya kabisa, ilikuwa Machi 1993. Seva ilikuwa na tarehe nzuri, ila ilifuata UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ungewauliza hao watatu nini kilitangulia nini?

Tarehe hizo za ajabu si ubovu. Vifaa vingi vidogo vya mtandao havina betri ya kutunza saa kama ile iliyomo kwenye kompyuta. Umeme ukikatika na kurudi, ruta ya MikroTik inaweza kuangukia mwanzoni mwa 1970, na swichi nyingi za Cisco huanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Machi 1993. Mbaya zaidi, logi zenyewe kwa kawaida hukaa kwenye memori inayofutika kifaa kikizimika. Umeme ukienda, ushahidi umeenda nao.

Kwa hiyo kazi yetu huanzia kwenye saa. Dawa yake ni NTP, utaratibu wa vifaa kuulizana saa kupitia mtandao, uliobuniwa na Mmarekani David Mills na unaotumika tangu 1985. Tunaielekeza ruta iulize seva za nje za pool.ntp.org, kisha swichi, kamera na seva za ndani ziiulize ruta. Intaneti ikikatika, ofisi nzima bado inafuata saa ileile. Mlango ambao NTP hupitia, UDP 123, tunaufunga kwa upande wa nje, maana seva za NTP zilizoachwa wazi zimewahi kutumiwa kushambulia mitandao ya watu wengine.

Kwenye swichi ya Cisco, saa na logi ni mistari michache tu:

clock timezone EAT 3
ntp server 192.168.10.1
service timestamps log datetime msec localtime show-timezone
logging host 192.168.10.20

Mstari wa mwisho hutuma kila tukio kwa seva ya logi papo hapo, kwa utaratibu uitwao syslog, ili kifaa kikifa maneno yake ya mwisho yabaki. Uzito wa matukio hupimwa kuanzia 0, yaani hali ya hatari kabisa, hadi 7, ambayo ni mazungumzo ya mafundi. Sisi huishia 6. Ukiiacha 7 kwenye ruta yenye shughuli nyingi, utazama kwenye maandishi na usione kitu.

Halafu kuna saa yetu ya Kiswahili. Mlinzi anasema saa nane usiku, ruta inaandika 02:00, seva ya UTC inaandika 23:00, tena ya jana. Anayesoma harakaharaka ataona matukio mawili ya siku mbili tofauti. Ndiyo maana ripoti zetu huandika zote mbili: 02:00, saa nane usiku.

Na jibu la kiwanda lilikuwa limejificha papo hapo. Aliyefunga mfumo alipanga nakala ya akiba ya data zote ipelekwe nje kupitia intaneti saa 23:00, akijua itamalizika mapema kabla magari hayajaanza kupakia. Seva ikamtii, kwa UTC. Baada ya kusawazisha saa, usiku mmoja ulitosha: logi ya swichi haikuonyesha poti yoyote iliyozimika, ruta iliandika kwamba njia ya kwenda tawini imekatika na kurudi mara kadhaa kuanzia 02:06, na grafu ya data zinazotoka ilikuwa imegonga dari tangu 02:00 na kukaa hapohapo: nakala ya akiba ilikuwa imeijaza njia ya intaneti, tawi likakosa pa kupita.

Grafu hiyo huchorwa na programu ya ufuatiliaji. Sisi hupenda Zabbix au LibreNMS. Inazihoji ruta na swichi kila baada ya dakika chache kwa SNMP, utaratibu wa kuviuliza vifaa vya mtandao hali yao: poti imepitisha data kiasi gani, prosesa imechoka kiasi gani. Tahadhari mbili. Usiache neno la siri la kiwandani, “public”. Kifaa kikikubali toleo la 3 lenye usimbaji, tumia hilo. Pili, soma kaunta (namba zinazohesabu data iliyopita) za biti 64. Ile ya biti 32, kwenye poti ya gigabiti 1 iliyojaa, huzunguka na kurudi sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi, na grafu yako itadanganya bila haya.

Nakala ya akiba ya kiwanda sasa huondoka saa kumi jioni, ikiwa imewekewa kikomo cha kasi. Ile swichi ya zamani, iliyong’olewa kwa kosa lisilo lake, ilikuwa nzima. Tumeirudisha kazini kwenye stoo ya unga.