Kwa kina mama wa Lamu mnaorudi kazini

Wanangu,

Assalamu alaikum. Sheria ya kazi ya 2007 inawapa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, na wengi wenu mnaofanya kazi kwenye hoteli za Shela na ofisi za hapa mjini mnarudi mtoto hajui kitu ila titi. Ndipo nyumba inapoingia vilio: chupa imenunuliwa jana jioni, leo mama kapanda boti, na mtoto hataki kuiona.

Nawasihi, msingoje siku hiyo. Titi lishike kwanza, mwezi wa mwanzo upite mtoto ananyonya vizuri. Kisha mjaribu kidogo kidogo, wiki mbili tatu kabla ya kurudi. Wala asiwe mama anayempa. Mtoto akisikia harufu yako atalitaka titi, na ana haki. Mwachie nyanya yake au shangazi, wewe toka hata kwa jirani. Ajaribiwe akianza kuona njaa. Akishalia sana hajifunzi kitu.

Apakatwe ameketi, asilazwe chali. Chuchu ya chupa imguse mdomo tu, afungue mwenyewe. Chupa ilazwe, maziwa yajae kwenye chuchu basi, na baada ya mafunda machache ishushwe apumue. Akigeuza uso, ameshiba au amechoka. Wapo wanaosema ashindishwe njaa mpaka aikubali. Hilo silikubali hata kidogo! Mtoto wa miezi mitatu hatiwi adabu kwa njaa.

Akiikataa kabisa, kikombe kidogo kipo, na wauguzi hukipendelea kwa kuwa huosheka vizuri kuliko chupa. Ukingo ukae juu ya mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni, alambe mwenyewe. Asimiminiwe.

Maziwa yawe yenu, mliyokamua kwa mikono safi. Nje ya friji hayapiti masaa manne, na hapo ni mahali penye ubaridi. Joto letu la kaskazi si la kuyaamini. Yatieni kwenye friji mara moja, humo hukaa hadi siku nne. Kuyapasha, wekeni chombo ndani ya maji ya moto, msiyachemshe.

Na kazini mna haki. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha na kukamua. Mwendeeni msimamizi wawili watatu kwa pamoja, mmuulize pako wapi. Mkirudi jioni mumpe titi kabla ya jambo lolote, na usiku vilevile, maziwa yasije yakapungua.

Mama yenu,
Langoni, Lamu