Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Maonyesho ya Sari za Kufumwa kwa Mkono

Mama zangu, dada zangu, wanachama wote,

Namaste, na habari za tangu mwaka jana. Ada, ukarabati wa jiko la ukumbi na safari ya watoto katibu ameshayaeleza, na hesabu anazo mweka hazina. Mimi nitazungumzia maonyesho ya sari, maana ndiyo yaliyotuletea sifa mwaka huu, na ndiyo yaliyotuletea maneno.

Tuliyafanya kati ya Navaratri na Diwali, sikukuu zetu za Kihindu, wakati kila nyumba inatafuta nguo mpya. Zilikuwepo Kanchipuram nzito za hariri kutoka Tamil Nadu, Banarasi zenye zari (nyuzi za rangi ya dhahabu au fedha), na Chanderi nyepesi zinazovumilika kwa joto hili la Mombasa. Lakini watu walijazana kwenye Patola ya Patan, sari ya hariri kutoka Gujarat, ambayo ilikuwa moja tu, tena si ya kuuzwa. Mwanachama aliyeirithi kwa bibi yake alikubali tuitandaze mezani. Kila aliyepita alifunua ncha na kukuta ndani ni sawasawa na nje. Nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za kukatiza) zote hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kisha mfumaji huzikutanisha hadi ua likae mahali pake. Sari moja huweza kuchukua miezi sita na zaidi. Akina mama waliozoea leso za Mtaa wa Biashara walikagua pindo, wakakagua mji, wakauliza bei. Walipoambiwa haiuzwi hawakuamini.

Sasa hayo maneno. Mjumbe mmoja wa kamati alizitilia shaka sari za meza moja zilizoandikwa kuwa ni hariri ya kufumwa kwa mkono. Bei ilikuwa rahisi mno. Tukachomoa uzi, tukauchoma. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kidoleni. Uzi huu uliyeyuka ukawa punje ngumu. Tukamwomba muuzaji afunge mizigo, naye akaondoka amenuna, na baadhi yenu mkasema tumemdhalilisha mgeni.

Mimi nasimama na kamati. Poliesta ya mashine si haramu, na si kila mtu anaimudu Kanchipuram (hata mimi naiangalia tu). Basi iuzwe kwa jina lake. Sensa ya India ya vitambaa vya mkono ya 2019-20 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.5 wanaoishi kwa kazi hii ya kufuma na kuandaa nyuzi, wengi wao wanawake. Mnunuzi akishapewa ya mashine kwa jina la mkono, mwanamke aliyekaa miezi kwenye mtambo wake atamuuzia nani?

Kwa hiyo kamati inapendekeza bidhaa zikaguliwe kabla ya mlango kufunguliwa. Muuzaji awe na alama rasmi ya India ya vitambaa vya mkono, iliyoanzishwa 2006, au aeleze sari imefumwa wapi. Za mashine ziwe na meza yao pembeni. Najua ada ya meza itapungua, na mweka hazina ameshaninong'oneza hivyo mara kadhaa.

Diwali ya 2026 itaangukia tarehe 8 Novemba, hivyo maandalizi yaanze mapema. Anayejua vitambaa na yuko tayari kuingia kamati ya ukaguzi ampe katibu jina lake leo kabla ya chai.