Orodha yako isichapwe kwanza

Kwako Salehe,

Salamu za "mbali na upeo wa macho yangu" tuziruke, kwa kuwa umesema Kidato cha Tatu wanakabidhiwa Jumatatu ile orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyotokana na lithos. Usiichape bado. Maneno mawili humo hayahusiani na jiwe.

Mengine yako sawa. Lithos ni jiwe kwa Kigiriki, kwa hiyo monolith ni jiwe moja zima na megalith ni jiwe kubwa. Palaeolithic na Neolithic, yaani Zama za Mawe za Kale na Zama Mpya za Mawe, alizitunga John Lubbock mwaka 1865. Kwenye Palaeolithic, waonyeshe picha za mashoka ya mawe ya Isimila, Iringa, badala ya mapango ya Ufaransa kila mwaka. Lithotripsy nayo iache, ni kuvunja mawe ya figo, ila Mzee Kombo asijue imo. Atawasimulia yake mpaka kengele ya mwisho.

Sasa ondoa Lithuania. Hilo ni jina la nchi, wenyewe huiita Lietuva. Ondoa na Bakelite, plastiki ya Leo Baekeland: ni jina lake likaongezwa -ite, kiambishi cha mwisho kinachotumika sana kwenye majina ya madini.

Hapo kwenye -ite ndipo watakapoteleza. Neno likiishia -lite, wakate mara mbili. Kwanza watoe -lite yote: zeolite inabaki zeo-, kuchemka kwa Kigiriki, maana Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Uswidi, alipolipasha moto jiwe hilo mwaka 1756 lilitoa mvuke. Hiyo ni lithos. Halite, chumvi ya mawe, ukiikata hivyo inabaki ha-, haina maana. Toa -ite tu, unapata hal-, chumvi. L ni ya chumvi, si ya jiwe. Bakelite ndiyo yenye hila, kwa sababu inabaki bake, na mjanja mmoja lazima aandike "jiwe la kuoka". Ndiyo maana kukata hakutoshi bila kamusi yenye asili za maneno. Mimi ningegawa alama: moja ya kukata, moja ya maana ya kila kipande.

Nyongeza ya wale wepesi: lithium, ile metali, iligunduliwa na mkemia Arfwedson mwaka 1817 ndani ya madini ya petalite. Mkemia mwenzake Berzelius akachagua jina la kutoka lithos kwa kuwa ilitoka kwenye jiwe, wakati potasiamu ilijulikana kutoka kwenye majivu ya mimea. Lakini petalite yenyewe haina lithos! Ni petalon, jani, na -ite. Waulize kabla hujawaambia, utaona mikono.

Lithography, uchapaji wa kutumia jiwe, nimeiacha, ukitaka nitakuandikia peke yake jinsi mafuta na maji yanavyokataana juu ya jiwe la chokaa.

Je, maktaba yenu ina kamusi yenye asili za maneno, au nikutumie kurasa? Wako wangapi darasani? Na Asha, uhamisho umetoka au bado anazungushwa? Ile baiskeli je, uliuza?

Wako,
Hamadi