Wanaolipia mgomo ni walewale

Ahero, Kisumu
15 Septemba 2024

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, mama anaendelea vizuri na goti lake, na mpunga mwaka huu si haba. Ujumbe wako niliupata, nikausoma tena na tena kabla ya kushika kalamu, maana ulinigusa. Unauliza kwa nini sisi walimu wa serikali tunagoma ilhali wanaoumia ni watoto wa maskini, na unasema kwamba Neema wako huko Nakuru hajakosa somo hata moja. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu nawe ni mwalimu.

Kwanza, wanaumia. Hapo sibishani nawe. Mgomo wetu wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, ulianza tarehe 26 Agosti, siku ya kufungua muhula wa tatu, ukasitishwa mapema mwezi huu. Redioni walisema ni wiki moja. Lakini wewe umekulia huku, unajua mambo yanavyokwenda. Mzazi akishasikia walimu hawapo, anasubiri mpaka awe na hakika ndipo amwachilie mtoto. Wavulana wanakuwa wameshachukuliwa kufukuza ndege kwenye mpunga, na mwenye shamba hatawaruhusu kuondoka kabla ya mavuno. Wasichana wanabaki na wadogo zao ili mama aende sokoni. Hata sasa ninapoandika, wako ambao bado sijawaona darasani, na wawili nimewatafuta hadi kwao.

Ila nataka uwatazame gredi ya nane, wale watoto wangu wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa. Ndio waliotangulia katika mtaala huu mpya wa umilisi, CBC. Machi 2020 Korona ilipofunga shule, walikuwa gredi ya nne. Waliitwa kurudi Oktoba, wakiwa wamepoteza miezi saba. Mwaka jana wakawa gredi ya saba ya kwanza nchini, wakawekwa kwenye vyumba vya shule ya msingi, na shule nyingi zilikuwa na mwalimu mmoja au wawili tu wa masomo yote. Mwaka huu yakaja mafuriko. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe mwishoni mwa Aprili, ukasogezwa hadi 13 Mei, na huku mto Nyando ulikuwa umevunja kingo na kuingia mpaka kwenye kabati la vitabu. Familia zilizohamishwa na maji zililala madarasani kwetu. Vyoo viwili vilizama na hadi leo tunatumia vya walimu pamoja na wanafunzi. Sasa ongeza migomo miwili juu ya hayo. Mtoto ni yuleyule, Mama Neema. Kila tukisema tumepoteza wiki kadhaa, tunahesabu kana kwamba kila mara ni watoto wengine.

Kilichonivunja moyo hasa ni ule mgomo wa Mei wa wanagenzi, walimu wa mkataba wa muda. Unajua mimi nilihamishwa kutoka shule ya msingi kwa kuwa nina digrii, kwa hiyo nimeajiriwa kwa masharti ya kudumu. Wenzangu wote wa sekondari msingi ni wanagenzi. Wana vyeti kama changu, wanafundisha vipindi vingi kuliko mimi, na wanapewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mahakama ya ajira iliamua Aprili kwamba haki zao zimevunjwa. Walipokataa kuingia darasani sikuwalaumu, na wewe pia ungekuwa mahali pao usingeingia.

Basi nikabaki peke yangu na gredi mbili na masomo tisa. Mimi nimesomea Kiswahili na dini. Niliwaweka wote katika chumba kimoja, wakubwa nyuma na wadogo mbele, nikawa nafundisha hesabu upande huu na kuwapa wale wengine zoezi la kusoma. Maabara hatuna. Asidi tulijaribu kuionyesha kwa ndimu, maji ya majivu na rangi iliyokamuliwa kwenye maua mekundu ya ua wa kanisa, na nakuambia siku hiyo walichangamka kuliko siku zote. Lakini ilikuwa siku moja. Siku nyingine nyingi walinakili ubaoni vitu ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimevisoma usiku uliotangulia. Kando yetu, gredi ya tatu walikuwa wakiimba herufi na mwalimu wao, na wangu wakiwasikiliza kupitia dirishani.

Unasema mgomo upigwe marufuku shuleni. Hapo tunaachana. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, nasi tuna sababu ya kuishikilia. Wewe na mimi tulikuwa wanafunzi walimu wetu walipogoma 1997. Wakaahidiwa nyongeza, ahadi ikavunjwa, wakagoma tena 1998 kwa jambo lilelile. Mwaka 2015 nilikuwa mwalimu: jaji alitupa nyongeza ya mshahara ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikasema haina pesa, tukakaa nje takriban wiki tano, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta nyongeza yenyewe. Darasa la nane lilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwezi huohuo. Mtihani haukuwasubiri. Na mwaka huu tulikuwa tunadai awamu ya pili ya mkataba ambao mwajiri alikuwa ameshatia saini. Bila kugoma, tungepewa nini?

Ninalowalaumu wenzangu, na nimelisema kwenye mkutano wa chama mbele ya watu, ni mikataba ya kurudi kazini. Nimeisoma. Inasema mishahara isikatwe, mtu yeyote asiadhibiwe. Ni sawa, hayo tuyapate. Lakini vipindi vilivyopotea havitajwi hata kwa mstari mmoja. Muhula hauongezwi siku. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo, na naiunga mkono kwa sababu najua walivyokuwa wakitozwa pesa. Kwa hiyo njia inayobaki ni kukimbiza. Mada mbili zinafundishwa kwa kipindi kimoja, majaribio ya sayansi yanaachwa, mtoto anabebeshwa kazi ya kufanyia nyumbani ambako hakuna taa. Wanaoelewa upesi wanatufuata. Kuna msichana mmoja wa gredi ya saba ambaye bado husoma kwa kuunga silabi. Kabla ya mgomo alikuwa akibaki nami jioni tukisoma pamoja, alishafika kwenye aya nzima. Amerudi, lakini habaki tena, na darasani anajificha nyuma ya mwenzake nisimwite. Huyo nitamfidia kwa kipindi gani?

Nataka chama chetu kiende mezani na madai mawili kwa pamoja: mshahara wetu, na siku za watoto kurudishwa kwenye kalenda ya wizara. Wakikubali la kwanza na kukataa la pili, tusitie saini. Wengine waliguna niliposema hivyo, lakini sitaliacha.

Januari hawa wanaingia gredi ya tisa, na wanagenzi 46,000 wameahidiwa ajira ya kudumu wakati huohuo. Msingi wa darasa jipya umechimbwa. Vitabu vilivyoloa hatujapewa vingine, na mgao wa serikali wa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka unakuja vipande vipande.

Ndiyo maana nina ombi. Vitabu vya sayansi na hesabu vya gredi ya saba na ya nane ambavyo shule yenu haivitumii tena, hata kama vimechanika majalada, nikusanyie. Mpe dereva wa matatu ya Kisumu avishushe hapa stendi ya Ahero, nami nitamlipa mzigo. Usitume siku ya soko kwa sababu vitu hupotea. Na Neema aje Desemba, mama anamuulizia.

Wako daima,
Mwalimu mwenzako