Barua kwa mjomba aliyenikuta nikilipa kodi ya nyumba isiyo na choo

Mjomba,

Ile siku uliyolala kwangu Manyatta ukielekea matanga ya Siaya, uliamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta swichi ya taa ukanikuta mbele ya kompyuta. Ulisimama nyuma yangu na shuka begani, ukaniona nikibonyeza kisanduku kilichobandikwa ukutani mwa nyumba fulani kwenye kioo, maandishi yakatokea kwamba nimelipa kodi ya wiki. Hukusema neno mpaka uliposhika mlango kutoka. "Na hapa unadaiwa mwezi na nusu." Sijui nani alikuambia. Namshuku mama wa chumba cha tatu.

Tangu hapo nasikia kwenye familia kwamba nimeingia kamari. Si kamari, kamari kule ndani ya kompyuta uliponiona ilipigwa marufuku mwaka 2007. Na kwa kuwa una vyumba kumi na viwili vya kupangisha Kaptembwa, Nakuru, na hakuna mtu katika ukoo huu anayejua mambo ya kodi kukuzidi, nimeona nikuandikie wewe, hadharani, na hao wengine wasome.

Mahali penyewe panaitwa Second Life, dunia ya kuchora iliyo ndani ya mtandao. Palifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Usifikirie mchezo wa mpira, maana hakuna bao wala mshindi. Unaingia na mwili wa kuchora, wenyewe huuita avata, unatembea, unapaa ukitaka, unaongea na watu. Nyumba, viatu, miti, nywele, karibu kila unachokiona kimeundwa na wakazi wenyewe na kuuziwa wakazi wenzao. Jua la kule huzama mara sita kwa siku, kwa sababu siku yao kwa kawaida ni saa nne zetu, tatu za mchana na moja ya usiku. Lakini saa ya ukutani ni ya California, kwa hiyo sherehe ikitangazwa saa moja jioni, hapa Kisumu ni alfajiri ile ile uliyonikuta. Ndiyo maana macho yangu yako hivyo. Si changaa.

Sasa ardhi, na hapa usome polepole.

Eneo moja ni mraba wa mita 256 kwa 256, yaani ekari 16 na ushee. Mtu analichukua zima kama kisiwa chake, anailipa kampuni kila mwezi kwa dola, kisha anakikata vipande na kupangisha. Wala si biashara ndogo. Mwaka 2006 mama mmoja mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Ujerumani, ambaye kule anaitwa Anshe Chung, alitokea kwenye jalada la jarida la BusinessWeek kwa kazi hii hii yako: kuchukua ardhi kwa jumla, kuipamba, kuigawa, kupangisha. Kabla mwaka haujaisha akatangaza kwamba mali yake ya kule imepita thamani ya dola milioni moja.

Kile kisanduku ulichoona ndicho msimamizi wa ploti. Haombi chai, hana shemeji wa kumpa chumba kwa siri. Kinahesabu siku na saa ulizobakiza, na zikiisha, vitu vyako vinatupwa kwenye folda ya vilivyopotea ndani ya mkoba wa avata yako. Hakuna kung'oa mlango usiku kama ulivyomfanyia yule kinyozi.

Mimi hulipa Linden 500 kwa wiki. Linden ndiyo pesa ya kule, inanunuliwa na kuuzwa kwa dola, na dola moja hukupa kama 250. Kwa hiyo kodi yangu ni dola mbili, haifiki shilingi 300. Na usiulize ni vyumba vingapi, maana kule anayeuliza vyumba ni mgeni. Tunauliza mizigo. Kila kitu kina uzito wake wa hesabu, na kipande chako kina kikomo. Kiti kinaweza kula tatu, mti mmoja mzuri ukala kumi na mbili. Niliwahi kuutoa mwembe wangu ili kochi lipate nafasi, nikakaa kwenye kochi nikiangalia mahali mwembe ulipokuwa.

Utauliza nyumba ya nini pasipo na mvua, na mtu halali wala haendi haja. (Choo wengine huweka, cha urembo.) Ni hivi, mjomba: usipokuwa na nyumba hakuna anayejua pa kukupata. Unabaki kuzurura kama mtu wa stendi. Ukiwa nayo, mtu akipita anaona taa, anabisha hodi. Jirani yangu wa kushoto ana umbo la mbwa wa kijivu mwenye koti. Miaka miwili tumezungumza karibu kila siku na sijui jina lake la kwa mama yake, wala sitauliza. Kule kumchimba mtu maisha yake ya nje ni utovu wa adabu, sawa na kumwuliza mgeni mshahara kabla hajamaliza chai. Najua tu kwamba kwao theluji ikianguka hukata stima, na kwetu stima ikikatika ananingojea.

Na kazi ipo. Mimi huunda vyombo. Nilipiga picha jiko la makaa pale kwa mafundi wa Kibuye, pande zote hadi chini, fundi akidhani mimi ni wa kaunti, nikalitengeneza upya kwenye kompyuta, kutu na zile alama za nyundo zikiwemo. Naliuza Linden 75. Ukilinunua unaweza kulitolea nakala kwa matumizi yako ila huwezi kumpa mwingine; hayo masharti ndiyo yanayotulisha. Wanunuzi wengi hawajui ni nini. Mmoja amepanda maua ndani. Nilitaka kumwambia, nikaacha.

Matapeli wapo pia. Mwaka 2007 kulikuwa na kinachoitwa benki, Ginko Financial, iliyoahidi faida nono, ikaanguka na pesa za watu, na Januari 2008 kampuni ikapiga marufuku benki zisizo na leseni halisi ya serikali. Wewe uliyewahi kupanda mbegu pale Nakuru ukingojea pesa zizae, sina haja ya kukueleza.

Lililoniuma mimi ni la mwenye kisiwa. Alitupunguzia kodi kwa anayelipa miezi mitatu mbele. Nikalipa. Wiki ya tano niliingia alfajiri nikajikuta nimesimama mahali nisipopajua, kwa sababu nyumbani hapakuwepo tena. Sikukuta hata uwanja mtupu. Kwenye ramani palikuwa bahari. Kumbe alikuwa ameacha kuilipa kampuni. Vitu vyangu vingi vilirudi mkobani vimefungwa pamoja kama robota la mitumba, vingine sijaviona hadi leo. Mwenyewe hajibu ujumbe.

Siku hiyo ndipo nilipokaa nikafuata kamba. Mimi ni mpangaji wake. Yeye ni mpangaji wa Linden Lab. Na kampuni yenyewe, tangu mwaka 2020 ilipohamisha dunia nzima kutoka kwenye mitambo yake, imepanga kwenye mitambo ya Amazon. Nilitafuta mwenye hatimiliki, kila niliyemfikia ana kisanduku chake cha kulipia. Nawe usinicheke, nakumbuka jinsi ulivyobeba kile cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi ndani ya Biblia ukisubiri hati ya ploti yako.

Majirani tulitafutana kwa ujumbe. Tukakutana tisa kwenye uwanja wa wazi, ule wa watu kujaribia vitu, ambapo kuweka kitu ni bure ila kila baada ya saa kadhaa uwanja unajifagia wenyewe na kukurudishia. Hakuna aliyekuwa na kiti. Nikatoa jiko, nikaliweka chini, nikaliwasha. Tukalizunguka: mbwa wa kijivu, dada mwenye mabawa, mzee anayejifanya roboti, tukijadili kisiwa kipi, kodi ya nani, nani wa kuaminiwa kushika pesa. Mtu mmoja alikuwa katikati ya sentensi jiko lilipofagiwa. Hakuna aliyesogea. Duara lilibaki vile vile, limezunguka nyasi tupu, na mazungumzo yakaendelea.

Nikalitoa mkobani, nikaliweka tena.

Ile kodi ya hapa Manyatta nimelipa Jumamosi. Mwezi mmoja. Hiyo nusu, mwambie mama wa chumba cha tatu angoje.