Zafarani: tuambieni na kiasi chake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita ulikuwa na mistari sita au saba juu ya zafarani, na mmoja ulisema utafiti umethibitisha kuwa inatibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, sawa na vidonge vya hospitali. Basi, ikaishia hapo. Hapakuwa na neno juu ya waliopimwa ni kina nani, walikuwa wangapi, kwa muda gani, wala walipewa kiasi gani. Nilikaa nyuma ya dirisha la dawa miaka 31 hapa Unguja kabla ya kustaafu. Mstari kama huo, dada yangu mkubwa aliusoma kwenye simu mwaka jana, na sisi nyumbani tuliona matokeo yake.

Sina ugomvi na zafarani. Nimekua nayo. Bibi yangu alikuwa na kichupa chake ndani ya kasha, amekiviringisha kwenye kitambaa, na akikifungua hutoa nyuzi chache kwa ncha za vidole, moja moja. Ilitiwa kwenye biriani ya harusi na kwenye haluwa ya sikukuu. Mtoto akiugua, mwalimu wa chuo cha Kurani huja na kalamu yake ya mwanzi, akaandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya mawaridi, tukanywa kombe. Mpaka leo nikiisikia harufu ile naiona sahani, na herufi zinavyoachana taratibu na kuwa maji ya manjano. Kwa hiyo waliposema wataalamu kuwa ua hili lina jambo ndani yake, mimi nilikuwa wa mwanzo kufurahi.

Na kweli lina jambo. Tunachotumia ni vile vinyuzi vitatu vyekundu vilivyo katikati ya ua la zambarau. Huchambuliwa kwa mkono, ua kwa ua, na kilo moja iliyokauka hutaka maua kama 150,000. Rangi yake hutokana na krosini, uchungu hutokana na pikrokrosini, na harufu ni ya safranali. Hizo tatu ndizo maabara huzipima, kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 3632, kujua zafarani ni ya daraja gani. Sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia huvunwa Iran, na madaktari wa Tehran ndio walioipeleka kwa wagonjwa wa sonona. Mwaka 2004 walichapisha jaribio la wagonjwa 30, wakiilinganisha na imipramini, kidonge cha sonona. Mwaka uliofuata wagonjwa 40, safari hii kwa fluoksetini, kidonge kingine cha sonona. Kila jaribio lilichukua wiki sita. Waliopewa zafarani walipata nafuu karibu sawa na wenzao, na hawakusumbuliwa na kukauka mdomo na usingizi kama waliomeza imipramini. Huko Roma nako, mwaka 2010, wagonjwa 25 wenye maradhi ya macho ya uzeeni walipewa miligramu 20 kwa siku kwa miezi mitatu, na macho yao yakaitikia mwanga vizuri zaidi kuliko walipopewa vidonge visivyo na kitu.

Hizo ni habari njema na zinastahili kuandikwa. Lakini ziandikwe zote. Watu 40 hawajai hata daladala mbili. Sonona yao ilikuwa nyepesi au ya wastani. Hawakuwa watu walioshindwa hata kuinuka kitandani. Na walichomeza kilikuwa miligramu 30 kwa siku za nyuzi zilizokamuliwa kwa spiriti, zikakaushwa, zikatiwa kwenye kapsuli, kila kapsuli sawa na mwenzake. Hiyo na nyuzi chache za zafarani ndani ya glasi ya maziwa ni vitu viwili.

Dada yangu alifiwa na mumewe. Alikaa miezi bila kula vizuri, bila kulala, mpaka tukampeleka kwa daktari wa maradhi ya akili akamwandikia amitriptilini, nayo ni kidonge cha sonona. Baada ya miezi miwili alianza kupika tena, na siku moja nikamsikia anacheka na wajukuu uani. Ndipo akausoma ule mstari. Akaviacha vidonge vyote ghafla, bila kumwambia mtu. Wiki ya tatu nikamkuta alfajiri kakaa barazani, macho mekundu, mikono inatetemeka. Nikamuuliza, "Dada, vile vidonge mbona bado vimejaa?" Akanijibu, "Mdogo wangu, mimi sasa natumia dawa ya Mungu. Haina kemikali."

Nilimwomba anioneshe. Alitoa kijikopo alichonunua duka moja la viungo, kwa bei ya chini ambayo zafarani haijapata kuuzwa. Nikatia maji baridi kwenye kikombe cheupe, nikadondosha nyuzi tano. Zafarani ya kweli haina haraka: maji huchukua manjano kidogo kidogo, na uzi hubaki mwekundu, ncha yake moja imefunguka kama tarumbeta. Zile nyuzi zilimwaga wekundu papo hapo, kama doti jipya linalochuja, na zenyewe zikabaki nyeupe, nyembamba, sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Zilikuwa kama nywele za mahindi zilizotiwa rangi. Dada alizitazama kwa muda mrefu, hakusema kitu.

Hata zingekuwa za kweli, nisingemwambia aache vidonge. Dawa kama ile hupunguzwa pole pole, daktari akijua. Na hilo la "haina kemikali" linaniuma, maana krosini nayo ni kemikali. Dawa mseto tunayowapa watoto wetu wakipata malaria ina dawa iliyotengenezwa kutokana na artemisinini, itokayo kwenye mmea wa Kichina ambao bibi Tu Youyou aliuchunguza mpaka akaupatia njia ya kuukamua, akatunukiwa Nobel mwaka 2015. Mmea ni ule ule, ila Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kunywa chai ya majani yake kutibu malaria, kwa kuwa kikombe kimoja hakilingani na kingine na dawa inayopatikana humo haitoshi. Zafarani nayo ina mpaka wake upande wa pili: gramu moja na nusu au mbili zinaweza kumtia mtu kichefuchefu, gramu 5 ni sumu, na mjamzito asivuke ile ya chakulani.

Kwa hiyo naomba, mkiandika tena juu ya mmea wowote, karafuu, mlonge, habbasoda, mtuwekee walipimwa watu wangapi, kwa muda gani, walipewa nini hasa na kiasi gani. Ni mistari miwili tu. Na chini yake muandike kuwa mwenye dawa za daktari asiziache kabla ya kumuuliza.

Dada amerudi kwenye vidonge vyake na analala. Kile kijikopo ninacho kabatini. Mwandishi wenu akipenda kuja, nitamtilia maji baridi kwenye kikombe kile kile aangalie mwenyewe.

Mfamasia mstaafu,
Unguja